Mwalimu Kofi Asiyejua Kiswahili

Jumatatu, 3 Juni 1946. Timbwani, Likoni.

Nimepata kazi! Mwalimu wa Kiingereza. Mimi, Petro Maganga wa Tabora, niliyeacha shule darasa la sita kwa sababu ya Kiingereza hicho hicho.

Ilikuwa hivi. Mzee Mbwana, mfanyabiashara wa mbata, yaani nazi kavu, amesafisha ghala lake moja liwe darasa. Watu wa feri na wa bandarini wanataka Kiingereza. Nilipofika barazani kwake nikamkuta anamhoji binti wa misheni kutoka Kisauni, jina lake Dorcas. Binti Kiingereza kinamtoka kama maji ya mfereji. Nikajua nimekwisha.

Hapo akili ikanijia. Nikasema "Gudi moning", nikanyamaza. Mzee akaniamkia kwa Kiswahili. Nikamkodolea macho kama samaki changu sokoni. Nikamweleza Dorcas kwa Kiingereza kwamba natoka Gold Coast, Afrika ya magharibi, kwamba nilikuwa vitani Bama, ng'ambo ya India, na kwamba Kiswahili sijui hata neno. Jina? Kofi. Huko Bama nilipika jiko moja na Kofi mmoja, mtu mwema sana. Hatakasirika.

Mzee akafurahi mno. Akasema mwalimu anayejua Kiswahili mwishowe hufundisha kwa Kiswahili, na Kiswahili wao wanacho tele tangu enzi za mababu. Asiyekijua ndiye hasa! Nimekuwa mwalimu mkuu. Dorcas ni msaidizi na mkalimani wangu. Aliniangalia kwa muda mrefu kidogo. Wivu, bila shaka.

Jumanne, 4 Juni 1946

Darasa la kwanza. Watu kumi na wanane, harufu ya mbata, na mimi ndani ya koti zito la jeshi. Mwalimu mgeni lazima awe na koti. Nilitoka jasho hadi kwenye viatu.

Nikaanza: "Mai nem is Kofi." Mstari wa mbele wote wakashika mashavu! Dorcas akawaeleza kwamba hilo ni jina, si adhabu. Sasa mtaa mzima unaniita Mwalimu Kofi, na watoto wakiniona wanakimbia.

Maswali yakafuata. Gona, baharia wa feri, mtu mkubwa mwenye sauti ya tarumbeta, aliuliza nina miaka mingapi. Mwingine akauliza kwa nini sina mke. Wa tatu akauliza kama kwetu watu wote wana masikio makubwa namna hii. Yote niliyaelewa, na majibu yalikuwa kwenye ncha ya ulimi. Ikabidi nitabasamu kama mjinga nikimsubiri Dorcas atafsiri. La masikio alilitafsiri taratibu sana, kwa kituo.

Alhamisi, 6 Juni 1946

Kutojua Kiswahili ni kazi ngumu kuliko vita.

Nimepanga chumba kwa Bi Mwanasaumu, mjane, mpishi hodari. Jana alinipikia pweza. Sisi watu wa Tabora hatukuumbiwa kiumbe chenye miguu minane. Nikashika tumbo, nikatikisa kichwa, nikafumba macho, kumwonyesha kwamba tumbo halitaki. Akamwambia jirani yake Nyevu kwamba maskini mgeni amesikia raha hadi amefumba macho. Akaniongezea. Leo pweza tena. Nikamaliza yote! Ningefanyaje?

Halafu wanawake hao wawili wanazungumza mbele yangu kana kwamba mimi ni mtungi. Bi Mwanasaumu anasema nala kama gunia lililotoboka. Anasema miguu yangu inanuka, lakini moyo wangu unaonekana safi, na kwamba ninavyokaa kwenye mkeka namkumbusha mwanawe, jina lake Babu, aliye jeshini ng'ambo. Miezi minane hajapata habari zake. Kila gari la posta likipita anasimama mlangoni na upawa mkononi, kisha anarudi jikoni.

Nilitamani kumwambia neno. Nikaosha sahani yangu badala yake. Nyevu akasema kwetu wanaume wamefundishwa vizuri.

Ijumaa, 7 Juni 1946

Dorcas ananichimba! Leo niliwafundisha neno la mbuzi. Akasema kwa upole mbele ya wote kwamba neno nililoandika ubaoni ni koti, na kwamba mbuzi huandikwa vingine. Nikajibu kwamba Gold Coast tunaandika hivi. Mutua, seremala kutoka Machakos, akauliza basi huko mtu akitaka kuvaa koti atajuaje asivae mbuzi. Darasa likaanguka kwa vicheko. Nikacheka nao, halafu nikakumbuka kwamba aliuliza kwa Kiswahili. Nikajifanya nakohoa.

Dorcas ameona. Lazima aondoke. Nina mpango.

Jumapili, 9 Juni 1946

Mpango: barua isiyo na jina, kwa Kiswahili, kwa Mzee Mbwana. Nani atanishuku mimi, nisiyejua lugha? Nimeandika kwamba Dorcas ana kiburi, anachelewa, na Kiingereza chake ni cha kanisani tu, hakifai bandarini. Nimeisukuma chini ya mlango wa Mzee alfajiri. Safi kabisa!

Jumatatu, 10 Juni 1946

Si safi.

Mzee alikuja na barua darasani, akampa Dorcas mwenyewe aisome kwa sauti. Aliisoma yote, moja kwa moja, hata pale pa kiburi. Kisha Mzee akasema aliyeandika si mtu wa pwani, maana barua haina salamu. Imeanza tu kama ng'ombe aliyekata kamba. Mtu wa pwani hata akikutukana hukuuliza kwanza watoto hawajambo. Huyu ni mtu wa bara.

Macho yote yakamgeukia Mutua. Maskini Mutua akaapa kwa Mungu kwamba hajui kuandika, ndiyo maana yuko darasani. Wakakubali. Mtu mwingine wa bara mle ndani hakuwapo, isipokuwa mgeni wa Gold Coast, naye Kiswahili hajui. Nilihema ndani ya koti.

Dorcas aliikunja barua, akaitia mfukoni. Akaniambia kwa Kiingereza kwamba mwandiko ni mzuri. Kesho anakwenda Kisauni kumwuguza shangazi yake, atarudi Alhamisi. Siku mbili za amani!

Jumanne, 11 Juni 1946

Niandike kwa mpangilio.

Baada ya sala ya alasiri Mzee Mbwana alikuja mbio, kilemba kimekaa upande. Barua ya jeshi imekuja, ya Bi Mwanasaumu. Kwa Kiingereza. Bi Mwanasaumu akaipokea kwa ncha za vidole kama kaa la moto. Dorcas hayupo. Wote wakanigeukia.

Nilisoma. Karani wa hospitali ya jeshi kule India alikuwa ameandika maneno mepesi, Mungu ambariki. Nilisoma mara tatu kuhakikisha. Babu aliumia mguu wa kushoto. Alilazwa miezi mingi. Amepona, anachechemea kidogo. Atashuka Kilindini kwa meli Jumamosi tarehe kumi na tano.

Yu hai! Nikainua macho. Ua mzima unanitazama, umekufa ganzi. Na mimi sijui Kiswahili.

Nikisema, kazi imekwisha, chumba kimekwisha, na pengine polisi. Nikafikiri: nitaonyesha kwa vitendo. Nikalala chini, mgonjwa hospitalini. Nikashika mguu. Nikasimama, nikachechemea. Kisha nikafanya meli, mikono miwili inapanda na kushuka juu ya mawimbi, inakuja, inakuja.

Nyevu ndiye aliyejitia ukalimani. Akasema: "Alianguka. Akavunjika. Wakamtia melini. Meli ikapanda, ikashuka..." Akashika mdomo. "Meli imezama!"

Nikatikisa kichwa kwa nguvu zote. Akasema mwalimu anasikitika. Nikatabasamu ili waone ni heri. Akasema mwalimu amepagawa kwa huzuni.

Kilio kikapasuka. Mzee Mbwana akavua kilemba, akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Mtu akatumwa msikitini. Wanawake wakaanza kutandika mikeka.

Bi Mwanasaumu hakulia. Alikaa chini taratibu, pale pale jikoni uani, akaanza kuokota mbaazi zilizomwagika katika zogo, moja moja, akizirudisha kwenye ungo. Hapo ndipo niliposhindwa. Vita niliviweza, jamani. Zile mbaazi sikuziweza.

"Yu hai!" nikapiga kelele. "Mama, Babu yu hai! Ameumia mguu tu, amepona! Anakuja Jumamosi, anashuka Kilindini! Acheni kulia!"

Waliokuwa wakitandika mikeka wakaiacha nusu imekunjwa.

Bi Mwanasaumu akaniangalia. "Wasema yu hai?"

"Yu hai, mama. Imeandikwa hapa. Jina lake hili."

"Wallahi?"

"Haki ya Mungu."

"Na Jumamosi yuwaja?"

"Anakuja."

Akajifunika uso kwa kanga. Sasa ndipo alipolia. Nyevu akapiga vigelegele, na mtaa mzima ukampokea. Yule aliyetumwa msikitini alirudi na watu kumi wenye nyuso za maziko, wakakuta ngoma. Mzee Mbwana alikuwa amenikumbatia hadi kilemba alichokishika kikaanguka. Kisha mikono yake ikalegea. Akarudi nyuma hatua moja.

"Mwalimu," akasema polepole. "Hicho ni Kiswahili."

Nikasema ndiyo. Akauliza cha wapi. Nikasema cha Tabora.

"Ndiyo maana," akasema. "Hakina salamu."

Akasema tutazungumza Dorcas akirudi, akaenda kunywa sharubati.

Alhamisi, 13 Juni 1946

Nimefungasha. Kikapu kimoja na lile koti. Sikulala, nikiwaza jinsi Dorcas atakavyonimaliza. Haki yake.

Baraza limekaa baada ya chakula cha mchana: Mzee Mbwana, Dorcas, Bi Mwanasaumu, na mimi nimesimama kama mwizi wa kuku. Mzee alimtaka Dorcas aseme kweli: Kiingereza changu ni Kiingereza?

Dorcas akafikiri. Nikahesabu vidole vyangu vya miguu. Akasema Kiingereza changu ni kiti cha miguu mitatu. Mtu akikikalia kwa adabu hakimwangushi. Wanaoanza wanaweza kukikalia mimi nikifundisha, maana wananicheka na wakicheka hawasahau. Mutua sasa hatakosea mbuzi maisha yake yote. Wanaoendelea awafundishe yeye, na ualimu mkuu uwe wake.

Mzee akakubali! Sikuamini. Nikamwuliza Dorcas kando tangu lini alijua. Akasema tangu siku ya kwanza: nilipotoka barazani nilijikwaa kizingitini nikasema "Mama yangu!" Na ile barua? Akasema ile pia. Basi mbona hakusema? Akajibu kwamba alitaka kuona nitafika wapi, na kwamba Jumanne nilifika mahali ambapo hakutegemea. Kisha akanirudishia barua yangu. Alikuwa ameisahihisha kwa wino mwekundu, na juu kabisa ameongeza salamu.

Nikamwomba radhi. Akasema amesikia. Hakusema amesamehe, lakini alinipa chaki.

Bi Mwanasaumu alikuwa na swali lake. Je, yale aliyosema juu ya miguu yangu niliyasikia?

"Yote, mama."

"Basi ioshe."

Nikafungua kikapu, nikarudisha vitu chumbani. Nimevua koti. Upepo huu! Ulikuwako siku zote?

Jumamosi, 15 Juni 1946

Amekuja. Tulivuka feri watu ishirini. Gona alituimbia njia nzima. Babu ni mwembamba, mrefu, anachechemea kama nilivyoonyesha kabisa, nami nilimwambia Nyevu atazame vizuri. Bi Mwanasaumu alimshika mwanawe uso kwa mikono miwili, akamwuliza kama amekula. Basi. Miezi minane, na hilo ndilo swali.

Mchana tukala pamoja. Kulikuwa na pweza. Nikasema kwa Kiswahili fasaha kwamba siwezi, mama, nisamehe. Akanipa kuku. Machozi yalinilengalenga! Tangu nifike pwani sijapata kushiba kwa amani hivi.

Nimejifunza. Uongo ni mzigo. Ukiutua, mabega yanajua. Kuanzia leo, Petro Maganga ni Petro Maganga. Naapa.

Jumatatu, 17 Juni 1946

Darasa la wanaoanza: watu ishirini na watatu. Nimewaamkia kwa Kiswahili, nikawauliza watoto hawajambo, ndipo nikaanza. Mzee Mbwana alipita dirishani akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Dorcas alisahihisha maneno mawili tu. Siku njema kabisa.

Jioni nimesikia jambo feri. Kuna tajiri mmoja Changamwe anayefanya biashara na Bukini, kisiwa cha Madagaska wanakotawala Wafaransa. Anatafuta mwalimu wa Kifaransa kwa wanawe. Ametafuta mji mzima, hakupata mtu.

Kifaransa nina maneno mawili, "bonjur" na "mersi", na la tatu nitalikumbuka. Yanatosha wiki ya kwanza. Kosa langu Likoni nimeliona wazi sasa: nilijua Kiingereza, ndipo mtu akaweza kunipima. Changamwe nitakuwa Musio Piye, yaani Bwana Petro kwa Kifaransa, mtu wa Bukini, nisiyejua Kiswahili wala Kiingereza. Hapo nani atanishika?

Nimemwomba Bi Mwanasaumu anipigie pasi koti.