Kipimo cha Nguvu ya Kichwa

Mheshimiwa Gouverneur, ambaye kiti chake munakiona. Mheshimiwa Bourgmestre, ambaye kivuli chake kiko karibu kufika. Wazee wa musikiti, mapadri, wamama wa soko, wafanyabiashara mulioshuka na bateau kutoka Basoko. Na wewe Monsieur Hilaire, Directeur wa masomo, uliyesimama hapo mulangoni mwa darasa: mimi Lukumani, Directeur Général wa Bureau ya Kupima Fujo ya Watoto, nawasalimia. (Makofi. Mutu mumoja anauliza Bureau iko wapi.)

Bon. Mwaka huu wa sita wa dipanda, uhuru wetu, vita ya rebellion imepita na masomo imefunguliwa tena, iliingia katika akili yangu, akili ambayo wazungu wa kiwanja cha Simi-Simi walikuwa wanakuja kuiazima mbele ya kurusha ndege, kwamba taifa haiwezi kuendelea bila statistique ya watoto wanaotupa mawe na kujibu wakubwa; donc nilitunga formulaire, kila muzazi apatie mutoto wake pointi, sifuri mpaka kumi. Nilipima familia mia nne na kumi na mbili, ambazo kati yao tisa tu nilizikuta nyumbani, na résultat ni hii: asilimia mia moja na mbili ya watoto wetu ni hatari kwa jamhuri. (Vicheko.)

Dada yangu mudogo, Zaina, alikuwa wa kwanza kupeleka karatasi masomoni, kwa kujivunia. Monsieur Hilaire akasoma kumi juu ya kumi, akamufungia mulango mutoto wa Zaina, Kadidja, miaka saba, mupole kama maji ya mutungi. Wiki ya tatu sasa iko nje, anasikiliza hesabu dirishani.

Alors, kosa lilitoka wapi? Sisi wote tunasema mutoto huyu kichwa nguvu, na hata mbuzi inaelewa kwamba ni mukaidi. Lakini Directeur Général hawezi kuandika maneno ya soko. Nikaigeuza kwa uzuri: «Mutoto wako iko na nguvu ya kichwa kiasi gani?» Maana ya kumi, mukaidi kabisa, tuliijua mimi na Monsieur Hilaire tu, niliyemuambia. Jana nikamugombeza Zaina kwa ile kumi, akanijibu polepole:

«Yaya, kaka yangu, uliniuliza kama mutoto iko na akili. Ulitaka nimupatie sifuri?»

(Wamama: Ehee.)

Mama yetu aliposikia, akaomba karatasi moja, akanipima mimi. Kumi. Yeye tu ndiye aliyeelewa swali.

Tuseme pamoja: jamhuri ipimwe! (Watu: Lukumani apimwe!) Mbele, bila kurudi! (Watu: Ukae chini!)

Namaliza kwa kushukuru. Nashukuru serikali, ambayo haijasikia jina langu hata siku moja. Nashukuru Bureau, ambayo haina mulango kwa sababu haina nyumba. Nashukuru muhogo niliochonga muhuri, kisha tukaula. Vyote nilivitunga ili mutu mumoja katika muji huu aniite Directeur. Monsieur Hilaire, hakuna aliyekutuma kumufukuza mutoto. Kadidja, ingia. Wakikuuliza nani alikufungia, sema ni tonton, mujomba wako.

(Monsieur Hilaire anasogea pembeni. Hakuna anayepiga makofi. Wote wanaangalia mutoto akitafuta nafasi kwenye benchi.)