Sikio la Pili la Mama

Jumatatu, 3 Machi

Leo familia imenikabidhi pesa za sikio la Mama. Zote. Shemeji, mume wa Dada, alitaka zikae kwake kwa sababu yeye ni karani wa benki, anashika noti za watu kutwa nzima. Nikasema mimi ni fundi saa, naishi na Mama nyumba moja, na kifaa cha kusikia ni kitu kidogo chenye betri ndogo. Vitu vidogo vyenye betri ndogo ndiyo kazi yangu. Dada akaniunga mkono. Shemeji akafuta miwani yake. Nimemshinda.

Miadi ya kliniki ni Ijumaa ya wiki ijayo. Pesa zimo kwenye simu yangu. Nimezitazama mara nne.

Dosari ni moja tu: zinatosha kifaa kimoja. Daktari alisema masikio yote mawili yamechoka, ila wengi huanza na moja. Shemeji naye akadakia kwamba tuanze na moja, la pili litafuata mwakani. Rahisi kusema ukiwa na yako mawili mazima. Mama ana miaka sabini na moja. Ameacha kwenda kwenye kikundi chake cha kufuma kwa sababu wenzake wakicheka hajui kinachochekesha, anadhani wanamcheka yeye. Mwana mwenye akili hawezi kumwacha mama yake asikie upande mmoja kama redio mbovu.

Nitafute njia.

Jumanne, 4 Machi

Njia imepatikana. Fundi viatu wa duka la jirani, tunayemwita Profesa kwa sababu huvaa tai juu ya aproni, anacheza kasino ya mtandaoni, mwaka wa tatu huu. Nilipomweleza habari ya sikio la pili aliweka kisu chake chini, akanipa elimu bure.

Elimu yenyewe: mashine iliyokula sana huwa imeshiba, na kilichoshiba lazima kitapike. Akaunti mpya hupewa bahati ili mwenyewe anogewe. Asubuhi ni bora kuliko jioni, kwa kuwa wachezaji wengi bado wamelala na mashine ina upweke. Na usicheze simu ikiwa na chaji kamili. Hili la mwisho hakulitolea sababu, ila alilisema kwa sauti ya chini, nikaona lina uzito.

Nikamuuliza yeye amepata kiasi gani kwa miaka mitatu. Akasema hesabu zake bado hajazifunga.

Nimefungua akaunti. Nimechukua kidogo tu kwenye pesa za Mama, kama bei ya mkanda wa saa. Mchezo una magurudumu matatu yenye matunda. Mzunguko wa sita, machungwa matatu yakajipanga. Nimepata mara nane ya nilichoweka. Nikasimama. Nikakaa. Mteja aliyekuwa anasubiri saa yake akauliza kama naumwa.

Nikiwa njiani kurudi nilimnunulia Mama soksi za sufu. Akauliza pesa nimetoa wapi. Nikamwambia kazi imechangamka.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi wa juzi umerudi ulikotoka, tena haukurudi peke yake. Sina wasiwasi. Nimefungua saa za watu kwa miaka kumi na tisa na najua kwamba gurudumu lenye meno likizunguka, jino lile lile litarudi. Nimeanza kuandika matokeo nyuma ya daftari la wateja. Machungwa hayajajipanga kwa mizunguko mia mbili na kumi. Maana yake yako karibu. Leo yamejipanga mawili na la tatu likapita kwa unywele, mara tano. Mashine inanikonyeza.

Saa saba Shemeji alipita kubadilisha betri ya saa yake. Akaiona simu. Nilitegemea ghadhabu. Badala yake alivuta kigoda, akaketi, akanihutubia kwa upole, jambo ambalo ni baya zaidi. Kumbe kabla hajamwoa Dada naye alicheza, akauza mpaka kitanda.

Alisema ndani ya simu hakuna gurudumu wala meno. Kuna hesabu tu, na kila mzunguko ni mpya, haukumbuki uliopita. Kukosa kwa unywele ni kukosa. Hakuna saa nzuri wala saa mbaya. Mwenye kasino amejikatia fungu lake tangu mwanzo, kwa hiyo kadiri unavyocheza kwa muda mrefu ndivyo unavyomlisha. Kama ni lazima mtu acheze, achukue pesa ambayo angeimalizia kwenye tiketi ya mpira, ajiwekee kikomo kabla hajaanza, akishinda aitoe, akipoteza asiikimbize, na awe anapumzika. Pesa yenye kazi yake isiguswe kabisa.

Halafu akanitazama, akauliza kama pesa za Mama ziko salama. Nikamwambia ziko salama kuliko ambavyo zingekuwa kwake. Nikamtoza betri kwa bei kamili.

Ijumaa, 7 Machi

Nakiri mawaidha ya Shemeji yana maana, yakimpata mtu mwenye akili. Nimejiwekea kikomo: nusu ya pesa za Mama. Nusu tu, isizidi hata senti.

Kikomo kilifika saa nne na robo asubuhi. Nikapumzika kama alivyoelekeza, kwa kufunga duka. Katika kupumzika huko nikatafakari, nikaona kikomo kile kilikuwa cha asubuhi. Mchana ni habari nyingine.

Kuhusu kuikimbiza pesa, sikuikimbiza. Nilikaa pale pale kwenye kiti.

Imebaki robo.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya chakula nilimkuta Mama amesimama sebuleni chini ya saa ya ukutani, amekiinua kichwa kama mtu anayenusa.

"Mwanangu, hii saa imekufa lini? Siisikii."

Saa ilikuwa inagonga vizuri. Niliisafisha mwenyewe mwezi uliopita, unaisikia ukiwa mlangoni. Nilishindwa kumwambia.

"Imechoka, Mama," nikasema kwa nguvu. "Nitaitengeneza."

Akanishika mkono. "Usisumbuke. Huenda ni mimi. Ijumaa si mbali."

Kisha akanieleza kwamba amewatumia salamu wenzake wa kikundi cha kufuma. Jumamosi atakwenda. Amekwishachagua na gauni.

Nilitoka uani nikasimama karibu na pipa la maji. Sikuwa na kazi yoyote pale. Ananiamini mpaka mtu unajisikia vibaya kuwa ndani ya ngozi yako.

Nimeifuta ile programu ya kasino. Kesho nitampelekea Shemeji hiyo robo iliyobaki na kumweleza yote. Atanisimanga mpaka uzeeni. Na anisimange.

Jumanne, 11 Machi

Jana nilikwenda. Niliingia benki, nikapanga foleni ya dirisha lake. Watu saba mbele yangu. Nilikuwa nimepanga maneno: Shemeji, nimekosa. Watu wanne mbele yangu, ujumbe ukaingia. Kasino wamenikumbuka. Nikiweka chochote siku hiyo, wananiongezea mara mbili yake kama bonasi. Nilikokotoa pale pale. Robo ingekuwa robo tatu kabla sijabonyeza kitu. Shemeji akaniona kupitia kioo, akanipungia mkono. Nikampungia. Nikatoka kwenye foleni, nikairudisha programu.

Leo saa tano asubuhi nilikuwa na vifaa viwili. Sikio la kulia, sikio la kushoto, na chenji ya betri za mwaka mzima. Matunda yalijipanga kama wanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Nikakumbuka: akishinda aitoe. Nikabonyeza kutoa.

Ikakataa.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Binti mmoja mwenye sauti laini alinipongeza, kisha akanieleza kwamba bonasi ina masharti. Ni lazima kiasi cha bonasi kizungushwe mara arobaini kabla sijatoa chochote, imeandikwa kwenye kipengele cha kumi na saba, ambacho nilikikubali mwenyewe. Nikamwambia hizo ni pesa za masikio ya mama yangu. Akasema ananielewa. Akauliza kama kuna jambo lingine angeweza kunisaidia.

Nikazungusha. Hata nusu ya hizo mara arobaini sikufika. Pesa ziliisha saa nane kasoro dakika tano. Nilitazama saa zote za dukani. Kwa mara ya kwanza zilikuwa zinakubaliana.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemwambia Mama kliniki wameahirisha miadi kwa mwezi mmoja. Ilibidi niseme mara tatu, kila mara kwa nguvu zaidi. Kudanganya kwa sauti ya kawaida naweza. Kudanganya kwa kupiga kelele ni kazi nzito, uongo unausikia mwenyewe. Jirani alitoa pole akiwa upande wa pili wa ukuta. Mama alisema sawa, akalirudisha gauni kabatini, akalifungia na sabuni ili lisiingiwe na wadudu. Mwezi si mwingi, alisema.

Jioni Dada akapiga simu. Amewapigia kliniki kuuliza mlango wa kuingilia, nao wamemwambia tunasubiriwa kesho saa tisa.

Nikasema basi wameahirisha kule kuahirisha.

Ijumaa, 14 Machi

Nitaandika ilivyokuwa.

Chumba kidogo chenye zulia mpaka ukutani. Mezani sikio kubwa la plastiki, limefunguliwa kama saa, viungo vyake vyote vinaonekana. Mama kwenye kiti amevaa lile gauni, Dada pembeni yake, mimi na Shemeji nyuma. Mtaalamu wa masikio alimvisha Mama kifaa upande wa kulia, akakiunganisha na kompyuta yake. Akasema kinahitaji dakika chache kukaa sawa, na kwamba wakati tunasubiri tunaweza kumalizana na malipo.

Nikamwinamia mtaalamu, nikamnong'oneza kwamba mtandao wa simu yangu una matatizo.

Dada akanyoosha mkono. "Nipe mimi hiyo simu, mdogo wangu."

Sikumpa.

"Pesa hazipo," nikamwambia Dada kwa sauti ya chini kabisa. "Nilizicheza kasino. Zote."

Dada alibaki amenyoosha mkono. Mama ndiye aliyegeuka.

"Rudia," akasema.

Hakuna aliyejua kwamba kifaa kilikuwa kimeshawaka. Nikarudia. Sikuhitaji kupaza sauti.

"Ndivyo nilivyosikia," Mama akasema. "Nilitaka kuhakikisha kwamba kifaa ndicho kibovu. Kumbe kizima."

Shemeji alisimama, akafuta miwani, akatoka. Alirudi na risiti. Baadaye Dada aliniambia ile ilikuwa akiba yao ya kuezeka jiko. Mvua zinakaribia. Shemeji aliketi tena pembeni yangu, nikasubiri aseme. Nilikuwa tayari kwa neno lolote, hata nilikuwa nalihitaji. Alinipa leso.

Nyumbani Mama alizunguka nyumba nzima polepole. Alifungua bomba akalifunga. Alisimama chini ya saa ya ukutani muda mrefu. Alipopita karibu yangu nilitamani anigombeze. Aliniuliza tu kama nimekula.

Jumatatu, 17 Machi

Jana kilikaa kikao cha familia. Nitamlipa Shemeji kila Jumamosi kutoka kwenye mapato ya duka. Niliapa nikiwa nimeshika mkono wa Mama kwamba sitacheza tena. Niliapa kwa moyo wote. Hata sasa ninapoandika, moyo ni ule ule.

Juzi Mama alikwenda kwenye kikundi chake. Alirudi na kichekesho kizima, mwanzo mpaka mwisho, na akacheka kabla hajakimaliza. Nilicheka naye. Lakini nikagundua jambo: ukimsemesha upande wa kushoto, hageuki. Jana nilimwita mara mbili kwa upande huo nikamwomba msamaha. Hakusikia, akaendelea kumenya viazi. Sikuwa na ujasiri wa kuzunguka upande wa kulia.

Kwa hiyo sikio la pili bado linadaiwa.

Leo Profesa alikuja kunipa pole, na tai yake. Alipokwisha kunipa pole alisema jambo ambalo limekataa kunitoka kichwani: mashine iliyokula sikio zima la binadamu imeshiba kuliko mashine yoyote aliyowahi kuisikia. Nikamwambia Shemeji anasema mashine haikumbuki. Akasema Shemeji ni mtu wa benki, na benki haipendi mtu apate pesa bila yeye.

Sijasema nimekubali. Nimesema tu kwamba kosa langu halikuwa kucheza, kosa lilikuwa kucheza bila nidhamu. Safari hii ni mawaidha ya Shemeji yote, neno kwa neno. Kikomo kidogo: fungu la Jumamosi peke yake. Bonasi siigusi. Nikishinda natoa. Chaji asilimia sitini. Nitamlipa Shemeji deni lote kwa mkupuo, niezeke na jiko lao, na la Mama la kushoto juu yake. Natamani kuuona uso wake siku hiyo.

Programu imerudi tena kwenye simu. Imenikaribisha kwa jina. Niko chumbani, mlango umefungwa, Mama yuko jikoni na mipira yake ya sufu. Kuna tatizo moja dogo ambalo mwanzoni sikuwa nalo: siku hizi Mama anasikia.

Nimezima sauti ya simu.