Muguu ya Nzanzu na Ile Nafasi Moja ya Kiné

Kasungami, tarehe 9 mwezi ya kumi, 1992

Kwa Bwana Directeur ya masomo ya kiné, ile ya kukanda na kunyoosha bagonjwa, Lubumbashi

Mukubwa Directeur,

Naandika na heshima yote, kofia iko mu mukono, hata kama hamuione. Ile habari ya muguu ya Nzanzu, bantu bote mu hii muji banaielezea mubaya. Ku Kampemba banasema ni pasta njo alimuombea, akasimama. Ku barabara ya Kasumbalesa banasema ni dawa ya Zambia, ya chupa ya kijani. Bibi yake mwenyewe, Mama Abigaëlle, anasema muguu haikukuwa na kitu, bwana yake alikuwa tu anakimbia kazi ya kubeba mifuko. Bote banadanganya. Ya kweli iko na miye, Liévin Ngosa, na leo mutaipata kavu, bila mafuta ya kuongeza.

Lakini nianze na shida, juu musifikiri niko muzee ya kupiga tu domo.

Mujukulu yangu anaitwa Wivine. Alimaliza graduat ya kiné, miaka tatu, bila kuanguka hata moja. Akalomba kuingia kwenu mu licence, ile miaka mbili ya mwisho. Mulisema kunabakia nafasi moja, na liste inafungwa tarehe makumi mbili ya hii mwezi. Kiisha secrétaire yenu, Monsieur Clément, akamurudishia dossier. Juu ya nini? Juu hakuna karatasi ya saa mia mbili ya stage, ile kazi ya kujifunza ku hospitali, yenye kupigwa cachet, ule muhuri ya chef ya kiné. Njo malalamiko yangu. Nimeipanga na numéro, juu ku biro muntu bila numéro hasikiwe.

1. Chef ya kiné ku hospitali hakuna. Mwaka jana, kiisha pillage, ile siku basoda na bantu baliiba mali ya muji yote, alipanda ndege na bazungu benzake, hakuaga hata bagonjwa. Kuko mama mumoja alibakia amelala ku meza, muguu juu, anangoja bamuhesabie mpaka kumi. Na cachet nayo hakuna. Ile siku bantu balibeba bitanda, bakabeba milango, bakabeba na cachet. Leo iko ku Mama Bénédicte, anauzisha bunga ku soko ya Kampemba. Anaipiga ku kila mufuko, juu anasema inapendeza. Kwa hiyo, Mukubwa, bunga yote ya Kampemba imemaliza stage. Ni Wivine peke yake njo hajamaliza.

Mutasema: si angeenda kupigisha karatasi yake pale? Nilimuambia. Nilimupeleka miye mwenyewe mpaka mbele ya meza. Mama Bénédicte alikuwa tayari anapuliza cachet na pumuzi. Wivine akaniangalia, miye babu yake, akasema: «Nkambo, miye si mufuko.» Akageuka. Tukarudi kwa miguu mpaka huku Kasungami, na bunga hatukununua. Siku ile tulikula biazi tu. Ile njo mutoto munamurudishia dossier.

2. Sasa ombi yangu. Kama Wivine hatoshe, ile nafasi munipe miye. Niko na miaka makumi saba na moja. Masomo sikuona, kusoma alinifundisha katekista, nimeikala juu ya sanduku ya misumari. Lakini saa, Mukubwa, saa niko nayo. Miaka makumi tatu na moja nilitumika mu hospitali ya kampuni ya mugodi. Kazi yangu ilikuwa kusukuma bitanda bya bagonjwa. Hakuna mugonjwa dokta alimuona kama miye sikumuona mbele. Na mulango ya salle ya kiné ilikuwa na kioo. Kila siku nilikuwa nangoja pale inje mpaka mugonjwa amalize, na macho yangu haikukuwa ya kufunga. Nilifanya hesabu ku ukuta na makala: saa elfu kumi na sita. Ninyi munalomba mia mbili. Yenye itabakia mutagawia batoto ya bengine.

3. Kama saa haitoshe, kuko muguu. Muhindo Nzanzu, muntu ya Butembo, anauzisha maharagi kwa magunia mu Kampemba. Siku ya pillage alipanda juu ya paa ya dépôt yake ya magunia. Kiisha akaruka. Si juu ya woga: aliona bantu banaenda na balance yake, ile mizani ya kupimia maharagi. Muguu ikavunjika karibu na goti. Akakaa miezi tatu mu plâtre, na wakati baliitoa, goti ilikuwa imekauka kama muti ya kutwangia. Hospitali imefungwa. Bakamuleta kwetu Kasungami na pousse-pousse ya kusukuma na mikono, amelala juu ya mifuko yake ya maharagi, anaongoza njia kama mufalme.

Hapo mikono yangu ikaingia kazi. Bile byuma bya kushika muntu akijifunza kutembea, hatukuwa nabyo. Lakini tuko na shamba, na mu shamba kuko matuta ya biazi. Pa matuta muguu haiwezi kudanganya: bonde inaikamata, tuta inailazimisha kukunja goti. Siku ya kwanza Nzanzu alivuka tuta moja, akaita mama yake. Mikono yangu ikamukanda na mafuta ya mawese. Asubuyi kunja, mangaribi nyoosha. Kiisha mikono yangu ikamufunga kamufuko ka maharagi ku kifundo ya muguu, kilo nusu, kisha kilo, kisha mbili. Akalalamika: «Muzee, haya maharagi ni yangu, munanitesa na mali yangu mwenyewe.» Nikamujibu: «Ungekuwa unauzisha pamba, ungelia kidogo.» Kila kitu iliandikwa mu cahier, daftari ya masomo: siku, saa, matuta ngapi, goti inafika wapi. Mwezi ya ine alivuka matuta makumi ine, akashika njia, akaenda kwa miguu mpaka Kampemba kugombana na Mama Abigaëlle juu ya ile balance. Mukihesabu cahier mutapata saa mia mbili na kumi na ine.

4. Mutaona basi njia iko mwepesi, na ninyi hamutapoteza kitu. Kazi moja, ile jumatatu tarehe kumi na mbili, munaniingiza mu masomo. Kazi mbili munanipa examen. Kazi tatu munanipa diplôme, juu kunichelewesha itakuwa haya kwenu. Kazi ine naikala assistant. Kazi tano naikala chef ya kiné, kiti iko tupu tangu ile ndege. Siku ya posho, jumamosi, naenda ku Mama Bénédicte kuchukua cachet, juu cachet ni ya chef na chef ni miye, na napiga ku karatasi ya Wivine. Yenga, siku ya kanisa, napumuzika kama Mungu, na naacha kazi yote. Kazi moja ya pili, tarehe kumi na tisa, nafasi iko wazi, Wivine anaingia, na liste yenu haijafungwa. Ni juma moja tu. Ninyi mwaka jana mulipoteza mwaka muzima, na hakuna muntu aliwaandikia barua.

5. Kama munaogopa baprofesseur batakataa, musiogope. Baprofesseur yenu beko huku. Tangu mushahara ilipotea, Professeur Lucien, ule ya kufundisha mifupa, analima pembeni yetu, kunatutenga tu luhango, uzio ya matete. Muntu muzuri. Anajua mifupa yote mia mbili na sita, lakini muhogo alipanda kichwa chini. Nilimuambia: «Professeur, jicho inaangalia juu.» Akaandika mu karatasi. Sasa mwenye kufundisha professeur, kwenu munamuita nani? Sitaki kulomba kiti yenu, Mukubwa. Lakini kama nanyi mutakuja kulima, shamba ya kushoto iko wazi, na ku biro yenu mutahitaji muntu ya kuchunga.

Namaliza hapa. Musalimie bibi yenu na batoto. Musalimie Monsieur Clément, mumuambie dossier alikunja pa kona, Wivine aliinyoosha na pasi. Musalimie sentinelle yenu ya kuchunga mulango, aliniomba tumbako na nikamupa. Bote ya huku banawasalimia, hata Nzanzu, akipita na muguu yake.

Ni miye, na heshima,

Liévin Ngosa
kiné ya kesho

P.S. Wivine amesoma hii barua mbele nifunge bahasha. Hakunigombeza. Alikamata cahier, akaiweka juu ya karatasi, akaenda kupalilia. Basi nawaambia: kuko kitu moja tu nilijitungia. Ni mikono. Ile miezi yote miye nilikuwa nashika kopo ya mafuta, na mara ingine nilikuwa nasinzia nayo. Pahali pote niliandika «mikono yangu», mufute, muandike «mikono ya Wivine». Bingine byote ni kweli, hata muhogo. Na kama mikono ni yake, saa mia mbili na kumi na ine nayo ni yake, na miye kazi moja sina haja ya kuja. Professeur Lucien aliona kila siku juu ya luhango; jina yake ameiweka ku ukurasa ya mwisho ya cahier. Cachet hana, amepiga alama ya kidole.

Natuma na cahier yenyewe. Mukiifungua mutaona kisha ya Nzanzu kuko mugonjwa mwingine: «Nkambo, bega ya kuume». Siku ya Noeli sikuweza kuinua kijiko. Hii barua yote niliiandika na ule mukono. Musome mbio, muirudishe cahier, juu anasema bega inabakiza juma tatu.