Uzinduzi wa Madagaska Ndogo, Ufukweni Kirando

Mheshimiwa Mgeni Rasmi ambaye ametuma udhuru, Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi ambaye gari lake limezimika mara tu baada ya kutoka Sumbawanga, waheshimiwa viongozi wa dini, wazee wetu, stekiholda wa ngazi zote, akina mama wa dagaa mliokuja na mabeseni ingawa tangazo lilisema mje mikono mitupu, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa, na kwa kuwa imezingatiwa vizuri, naizingatia tena. (Makofi machache. Nzi wengi.)

Mimi, Jafeti Mbonile, Mratibu Mwandamizi wa Kamati ya Muda ya Kudumu ya Kuiga Mazuri ya Wenzetu, nimesimama kuzindua mradi wa Madagaska Ndogo, ambao kwa ajili yake ufukwe huu mliokuwa mkianikia dagaa tuliuzungushia uzio tangu mwaka jana, ili mchanga upumzike na kujiandaa kisaikolojia kupokea wanyama. (Sauti: "Mheshimiwa, dagaa wa jana usiku wanaanza kunuka!") Mama Cornelia, hoja yako imepokelewa. Kwanza elimu.

Madagaska, ndugu zangu, ni kisiwa. Si kama hivi vyetu vya hapo Kipili ambavyo mtu anavizunguka kwa kasia kabla ya chai. Hiki ni kikubwa kiasi kwamba mtu wa katikati anaweza kuzeeka bila kujua anaishi kisiwani. Hakina simba, hakina tembo, na bado watalii wanamiminika, jambo linalothibitisha kwamba sisi tunahangaika na simba bila sababu za kitaalamu. (Kicheko.) Wana lemuri, mnyama mwenye mikono ya mtoto mwizi wa sukari na mkia wa pete nyeusi na nyeupe, ambaye asubuhi hukaa ameelekeza tumbo juani, kama mimi Jumapili. Wana karibu nusu ya aina zote za vinyonga duniani, na nimeagiza tujifunze kwao, ingawa kwenye kubadilika rangi ofisi yetu haifanyi vibaya. Na yuko indri, lemuri mkubwa kuliko wote, ambaye huimba msituni, na wenzake humjibu kilima kwa kilima. Nilipomsikia nilitokwa na machozi, na hili silisemi kama mratibu, nalisema kama Jafeti.

Wenyeji wake wanakula wali asubuhi, mchana na jioni. Kwenye nyanda zao za juu, zenye baridi kama ile ya Ufipa, zipo familia ambazo baada ya miaka kadhaa huwatoa marehemu wao kaburini, huwavisha sanda mpya, hucheza nao ngoma, kisha huwarudisha kwa heshima. Naomba habari hii isifike ofisini, maana Felisiani wa masijala ameshaomba ruhusa ya msiba wa bibi yule yule mara tatu, bila hata kumfukua. (Kicheko kirefu.)

(Mama Cornelia anasimama: "Mheshimiwa, jua linaondoka! Tukilikosa leo, hawa tunawamwaga ziwani. Watoto wetu wanasoma kwa hawa hawa dagaa!") Mama, jua haliondoki bila kibali. Keti. Utekelezaji wa mradi, kwa mujibu wa fizibiliti stadi niliyoifanya na kuipitisha mwenyewe, umefikia asilimia mia na kumi na mbili: uzio asilimia mia, na ari yangu asilimia kumi na mbili. Tuseme wote: Madagaska Ndogo, makuu yanakuja! (Mbuzi mmoja anaitikia.) Lemuri kwanza! (Sauti nyingi: "Dagaa kwanza!" Makofi ya kweli kwa mara ya kwanza.)

Mwisho, nishukuru. Namshukuru fundi Calvin kwa uzio. Na kwa namna ya pekee namshukuru shemeji yangu Anyitike wa Mbeya, aliyenilaza sebuleni kwake muda wote wa ziara yangu ya Madagaska na kuniachia rimoti. Na mkewe Happy, aliyekubali kukosa tamthilia yake, na indri alipoimba akaniletea kanga nifute machozi. Bila televisheni yao, mradi huu usingefika hapa ulipofika. (Mzee mmoja: "Kwa hiyo hao lemuri hawaji?")

Wanakuja kifikra, mzee wangu. Madagaska wenyewe tutawaarifu kwa wakati muafaka. (Nguzo ya uzio inang'oka. Inafuata ya pili. Mabeseni yanapita.) Mama Cornelia, hilo ni eneo tengefu! Mama Edith, si hapo, hilo ni zulia jekundu la Mgeni Rasmi!

("Mgeni hajaja, dagaa wamekuja," Mama Cornelia anajibu huku akimwaga beseni. "Na hizo mbao za jukwaa ulizosimama juu yake zimekauka vizuri. Shuka, baba, tuanike.")

Nashuka. Katibu, andika: mradi umekabidhiwa rasmi kwa wananchi.