Filamu ya Temenuga

Jumatano, 5 Aprili
Laptopu yangu inasoma diski za nyimbo. Za picha pia. Ukitia filamu inakoroma kidogo, halafu kimya. Nimechoka.

Domo langu ndilo lililoniponza. Nilimwahidi Temenuga, mjane wa ghorofa ya pili, kwamba Jumapili ya Matawi, sikukuu ya wenye majina ya maua, nitamwonyesha filamu ile aliyopita darajani na bata bukini kwapani, akiwa msichana. Hajajiona tangu sinema ya mtaa ifungwe. Dada yake wa Chicago ameituma diski. Nikifaulu, huenda akaniona mtu.

Plamen wa ghorofa ya nne kauliza kwa nini nisitumie Windows kama binadamu wengine. Nikamwambia mimi na Linux yangu, mfumo wa bure usio na kampuni ya kuumiliki, ni watu huru. Akasema huru gani, hata filamu huoni.

Alhamisi, 6 Aprili
Kumbe mtambo wa diski hufungwa kwa eneo la dunia, na eneo hubadilishwa mara tano tu, basi. Nikajaribu Ulaya, Marekani, Japani, Australia. Wapi! Ndipo nikafika mwisho wa maelekezo: kwanza weka kiprogramu cha kufungua kufuli ya filamu, eneo baadaye. Nimekiweka. Imebaki nafasi moja.

Jumamosi, 8 Aprili
Filamu ni ya kwetu Bulgaria, lakini diski imetoka Marekani. Nimeumiza kichwa siku nzima. Mwishowe nikameza kiburi, nikamwonyesha Plamen jalada ngazini. Nikamuuliza kama ni la Ulaya. Mdomo ulikuwa umejaa mkate, akainamisha kichwa mara mbili. Kwetu hiyo ni hapana, hata mtoto wa chekechea anajua. Basi, Marekani. Nimebonyeza.

Jumapili, 9 Aprili
Nimeumbuka mbele ya wageni wote. Diski imekataa na mtambo umefungwa moja kwa moja. Plamen anasema alimaanisha ndiyo. Amekaa Stuttgart miaka mingi, huko kichwa kikiinama ni ndiyo, na shingo yake bado haijarudi nyumbani.

Kisha akachukua laptopu ya Temenuga mwenyewe, ile anayoongea nayo na dada yake, akatia diski. Ikacheza. Temenuga akajiona darajani na bata wake, akalia, akasema kumbe nilikuwa mzuri hivi jamani. Akambusu Plamen shavuni. Mimi nilikuwa nimeshika sahani ya samaki. Imeniuma sana.

Jumatatu, 10 Aprili
Temenuga kapanda kwangu na laptopu yake. Kasema, Metodi jirani yangu, nikuzie maandishi tu, macho yamechoka, na uangalie, picha zote za marehemu zimo humo. Kazi ya dakika moja. Lakini ndani kuna Windows! Mama mwema namna ile, mtumwa wa kampuni. Nimeamua kumpa zawadi ambayo Plamen hataiweza. Nimeanza kumwekea Linux mahali pa Windows, nayo imeuliza mara mbili kama nina hakika ifute kila kitu. Nimejibu ndiyo mara mbili.