Ofisi Mbovu Yapewa Tuzo

Redio ya mama muuza kahawa ilikuwa haijamaliza habari wakati Usukani, dereva wa ofisi, alipoipunguza sauti na kumgeukia Fundi Baridi kwa heshima za uongo.

"Jamani, simameni. Tumekaa na shujaa wa tabianchi."

Benchi zima likaangua kicheko. Fundi Baridi, anayetunza viyoyozi vya ofisi hiyohiyo, akajifanya anapuliza kahawa, kumbe moyoni kavimba. Tangu azaliwe hajawahi kushinda kitu, na leo ofisi yao imetangazwa ya kwanza kwa kupunguza umeme, mafuta na karatasi.

"Tumejitahidi," alisema.

"Mmejitahidi nini?" mama kahawa akauliza. "Si viyoyozi vimekufa?"

"Vimepumzika, mama."

"Na gari la ofisi si liko juu ya mawe?"

"Ndiyo maana halitoi moshi," Usukani akajibu bila haya. "Mimi mwezi huu nimechafua hewa kwa mdomo tu."

"Karatasi je?"

"Printa haina wino. Mkurugenzi anaiita hali hiyo mageuzi."

Mama kahawa akajifuta jasho kwa upindo wa kanga. "Na joto lote hili? Miezi kama hii zamani tulivaa sweta. Siku hizi hata kivuli kinaunguza."

"Ndilo tunalopambana nalo," Fundi Baridi akasema, kwa sauti aliyoiokota kwenye semina. "Dunia inaungua kwa tabia zetu wenyewe."

"Zenu. Ile gesi iliyovuja mpaka viyoyozi vikazima, ilikwenda wapi?"

Fundi Baridi akatazama juu. "Hukohuko."

"Yaani umeichoma anga kwanza," Usukani akasema, "halafu ukapewa tuzo kwa kuishiwa cha kuchomea."

Fundi Baridi akacheka hata mwenyewe, maana ndivyo ilivyokuwa. Kisha akakumbuka linalomkaa rohoni. Mkewe, Mama Pacha, ni karani wa masjala, chumba cha juu kabisa, bati juu ya kichwa. Jana walimtoa humo amebebwa, kizunguzungu kimemwangusha.

"Spea za viyoyozi zimefika asubuhi," akasema polepole. "Bosi kasema nisizifunge mpaka tukabidhiwe tuzo. Tukiwasha, umeme unapanda, tunaumbuka."

"Na shemeji?"

"Nitamwambia avumilie. Ni kwa ajili ya dunia."

"Nimekusikia, Baba Pacha."

Mama Pacha alikuwa amesimama nyuma ya benchi, blauzi imemganda mgongoni, anajipepea kwa faili. Wala hakupandisha sauti.

"Na mimi nimeamua kuisaidia dunia. Feni ya chumbani nimeshampa jirani. Jiko nalo kuanzia leo haliwaki, nasikia moshi wake unaharibu anga."

"Sasa watoto watakula nini?"

"Watoto watakula kwa bibi yao. Wewe utakula tuzo."

Akarudi zake ofisini. Fundi Baridi akaweka chini kahawa ambayo hajaimaliza, akachukua mkoba wa vifaa, akaanza kuelekea stoo zilikowekwa spea.

"Unakwenda wapi, shujaa?" Usukani akamuuliza.

"Kuchafua mazingira."