Kasuku wa Biasha na Kuku wa Kumkombolea

Jumatano, 9 Agosti 1905. Mohoro.

Vita vimeanza huko milimani Umatumbi. Pamba inang'olewa, watu wanagawiwa maji ya dawa, mtaa mzima unafunga mizigo. Mimi nina wasiwasi mmoja tu: kasuku.

Mke wangu Biasha, Mungu amrehemu, alifariki masika iliyopita. Sauti yake amebaki nayo ndege huyu. Kila asubuhi huniuliza, kwa sauti ileile ya marehemu: "Mtoro, umekula?" Nami hujibu. Ndiyo, humjibu ndege! Nani mwingine ananiuliza?

Mtani wangu Nassibu ana mtumbwi, atatupeleka Kiongoroni tukajifiche. Lakini kasuku hapandi, kasema. Akipiga kelele njiani, askari wa Wajerumani watatusikia. Nikamwambia asiwe na shaka, mimi naujua mwili wa kasuku kama kiganja changu, nitajua kabla hajafungua mdomo. Uongo mtupu. Lakini kujifunza kuna ugumu gani?

Ijumaa, 11 Agosti.

Nimeanza. Mboni za macho zinanywea, zinapanuka, zinanywea tena. Mkia umetandazwa. Furaha hiyo! Nikampa kidole. Damu!

Mwanamina, mdogo wake Biasha, akacheka mpaka akakaa chini. Eti ndege akiwa hivyo amepandwa na mori, huachwa peke yake. Nikamjibu kwamba kaniuma kwa mapenzi.

Baadaye kasuku akainamisha kichwa, manyoya ya shingo yakasimama. Hasira, bila shaka. Nikamfunika kanga. Mwanamina akaifunua. Akasema hapo anaomba kukunwa, na Biasha alikuwa akimkuna hivyo kila alfajiri.

Nikakumbuka. Biasha kwenye kigoda, vitumbua jikoni, mkono mmoja kwenye upawa, mwingine kwenye shingo ya ndege, na kiwimbo chake kisicho na mwisho. Mimi kitandani, nikilalamika kwamba wananiamsha. Laiti mtu angeniamsha hivyo leo! Machozi yakanitoka. Nikamwambia Mwanamina ni moshi. Moto haukuwa umewashwa.

Jumapili, 13 Agosti.

Nassibu kaingia bila hodi, kanyakua tundu, katangaza kwamba kasuku ni wake. Ndio utani wetu: mtani huchukua, nawe hutakiwi kununa. Unacheka, unampa kuku, anakurudishia chako. Babu zetu walifanya hivyo, nasi tunafanya.

Sasa, mimi nina kuku mmoja. Hodari wa kutaga. Nikapiga hesabu haraka. Kasuku akiwa wa Nassibu, atapanda mtumbwi bila swali. Akipiga kelele, lawama si zangu. Na kuku anabaki! Nikamwambia Nassibu: mchukue, mtani, awe wako kabisa.

Nassibu akaacha kucheka. Akaniuliza mara mbili kama nimesema kweli. Mwanamina akajishika kichwa. Baadaye akaniambia kwamba ukishatamka "wako kabisa" mbele ya mtani, huo si utani tena, na nisipopeleka kuku mapema ndege amekwenda. Wanawake hawaelewi mipango.

Jumanne, 15 Agosti.

Tumesafiri. Katikati ya mikoko, maji kimya, kila mtu kimya. Kasuku akakunja mguu mmoja, akatutumua manyoya, akaanza kusaga mdomo taratibu. Anaunoa apige kelele! Nikamrukia na shuka. Mtumbwi ukayumba, kuku wangu akatumbukia, mkondo ukamchukua.

Kumbe ndege alikuwa anasinzia. Mwanamina ndiye aliyesema, huku akikamua maji kwenye kanga yake. Sasa ndege kaamka kwa hofu, na akapaza sauti ya Biasha juu ya maji yote: "Mtoro, umekula?"

Tukaganda. Kisha mikokoni mtu akajibu: hajala, na sisi hatujala! Walikuwa wakimbizi wenzetu, wamejaa humo. Wote wakacheka kwa sauti ya chini. Mimi nililia mbele za watu, na safari hii sikutaja moshi.

Ijumaa, 18 Agosti. Kiongoroni.

Nassibu humkuna kasuku shingo kila alfajiri. Ndege huinamisha kichwa, hufumba macho. Leo kasema, kwa sauti ya mke wangu: "Nassibu, umekula?"

Moyo umenichanika. Nassibu mwenyewe hakufurahi. Alinijia, akasema mtani, lete kuku yeyote yule, hata kilema, umchukue ndege wako leo. Yeye hawezi kuendelea kuulizwa na mke wa mtu. Mwanamina kasikia, akanipa mtetea wake palepale. Akanihimiza niende upesi, kabla ndege hajalisahau jina langu.

Nikaondoka mbio. Njiani nikamtazama vizuri yule mtetea. Mnene! Na anataka kuatamia. Kumpa Nassibu kuku mzima wa namna hii ni ujinga. Nikimweka akaangua, nitampelekea Nassibu kifaranga mmoja, na kuku nitabaki naye.

Nimemfungia ndani kwenye majani makavu. Biasha angeshangaa akili hii. Alfajiri nitakwenda nikasimame nyuma ya ua wa Nassibu, nisikilize anavyoulizwa kama amekula. Nitavumilia. Vifaranga hawachelewi.